Deni la Owino Uhuru

Raia waliikabidhi serikali amana ya kulinda uhai wao. Basi itakapompa leseni mwenye kuwatilia sumu, kisha ikawafumbia macho wanapolia, dhulma hiyo iandikwe kwa jina la nani?

Hilo lilitokea hapa hapa Mombasa, katika kitongoji cha mafukara cha Owino Uhuru, ambako kuanzia mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kwa ajili ya kupata madini ya risasi kilifukiza moshi wake juu ya mapaa ya watu, na maji yake machafu yakapita baina ya nyumba, pale wachezapo watoto. Risasi si taka ya kuoshwa kwa maji na sabuni. Huingia katika damu, ikatua mifupani, ikaidhoofisha akili ya mtoto kabla hajaijua alifu wala be. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango chake, kiwe kidogo namna gani, kisicho na madhara.

Aliyepaza sauti ni Phyllis Omido, mwajiriwa wa kiwanda hicho hicho, ambaye mwanawe mchanga aliugua akakutwa na sumu hiyo mwilini. Aliacha kazi, akaandamana na majirani, akatiwa mbaroni mwaka 2012, wala hakurudi nyuma. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka uliofuata akatunukiwa Tuzo ya Goldman, heshima aliyoistahiki, ijapokuwa tuzo haiondoi risasi katika damu ya mtu.

Mwaka 2016 wanakijiji walikwenda mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaamuru udongo usafishwe, na lawama haikuibebesha kampuni peke yake, bali pia Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, pamoja na ofisi nyingine za serikali zilizopaswa kuzuia maafa hayo tangu mwanzo. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua fidia hiyo, hata Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Miaka minane ya kesi! Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya kushtaki alikwisha kuwa kijana, ilhali mawakili waliolipwa kwa kodi ya wazazi wake walikuwa bado wakibishana naye.

Nami nasema bila ya kusitasita kwamba serikali inayoshindana kortini na raia iliyowadhuru, badala ya kuwahi kuwatibu, huwadhulumu mara ya pili.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa haki hiyo ya pili, tunaziomba ofisi zilizotajwa katika hukumu zije katika idhaa hii ziwaeleze wakazi, kwa tarehe na kwa hesabu, fidia imemfikia nani na kwa kiasi gani, udongo umesafishwa hadi wapi, na watoto wenye risasi mwilini wanatibiwa katika hospitali ipi. Nanyi wasikilizaji, ulizeni maswali hayo hayo kwa diwani wenu na mbunge wenu, barazani na kwa maandishi, wala msikubali kujibiwa kwa ahadi.