Kupunguza makala ni kupunguza ugomvi

Maneno yaliyotolewa mbele ya kamati za wakimbizi wa ndani, wakuu wa vijiji na wafanyabiashara wadogo, Kivu ya Kaskazini

 

Leo tunataka kuongea juu ya moto wa jikoni. Pengine mtauliza: watu wa kazi ya amani wanatafuta nini jikoni? Jibu ni kwamba katika vijiji tunavyotembelea, ugomvi kati ya wenyeji na waliokimbia vita huanza mara nyingi kwenye kuni. Mtu amefika bila kitu, watoto wana njaa, anakata mkaratusi wa shamba la jirani. Mwenye shamba naye aliupanda ili alipe masomo ya watoto wake. Wote wawili wana shida ya kweli, lakini wanakutana kwa panga na matusi.

Tena kuna njia ya msituni. Wamama wanaijua kuliko sisi. Anayekwenda mbali kutafuta kuni anaweza kunyang'anywa, kupigwa, hata kubakwa. Na makala mengi yanayotoka ndani ya Hifadhi ya Virunga hulipiwa kodi kwa vikundi vyenye silaha. Hivyo, fedha ya mama anayenunua makala ili apike inaweza kumrudia kama risasi.

Tumetoka wapi

Virunga iliundwa mwaka 1925. Mwaka 1994 watu wengi sana walikimbia kutoka Rwanda wakawekwa katika kambi kando ya Goma, na miti mingi ya hifadhi ikakatwa kwa ajili ya kupika. Mwaka huohuo UNESCO iliandika Virunga katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hatusemi hivyo ili kulaumu wakimbizi. Mwenye njaa hawezi kula mbichi. Tunasema kwamba kila vita vinapohamisha watu, msitu nao unalipa, na baadaye sisi sote tunalipa kwa mmomonyoko na chemchemi zinazokauka.

Kumbukeni pia kwamba makala hula miti mingi. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo 100 za mti mkavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makala.

Nyumbani tuanze wapi

Tuanze na mambo yasiyohitaji fedha. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, ndipo yapikwe kwa maji mapya. Sufuria ifunikwe. Kuni zikaushwe na kupasuliwa vipande vidogo. Mafiga matatu yazungushiwe ukuta wa udongo, moto usipeperushwe na upepo.

Wamama wengine wanatumia kapu lililojazwa majani makavu ya migomba na nguo kuukuu. Maharagwe yaliyolowekwa yanachemshwa kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria inawekwa ndani ya kapu, inafunikwa vizuri. Joto lenyewe linaendelea kuyaivisha saa kadhaa bila moto. Yakitolewa, yachemshwe tena kidogo kabla ya kula.

Na tafadhali, mbabula ya makala isiachwe ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa kulala. Hewa yake haina harufu, na inaua.

Kazi ya wafanyabiashara

Maneno matupu hayabadilishi jiko. Mbabula iliyoboreshwa, yenye udongo wa kuchomwa ndani yake, hutumia makala machache kuliko ile ya bati peke yake. Lakini mama anayenunua makala ya siku moja kwa kipimo cha kopo hawezi kutoa bei ya mbabula mara moja. Kwa hiyo tunawaomba mafundi na wenye maduka wakubali kulipwa kidogo kidogo kupitia vikundi vya akiba. Waipike sufuria moja ya maharagwe mbele ya watu sokoni, mbabula mbili kando kwa kando, makala yakipimwa. Mnunuzi anaamini anachokiona.

Mifano ipo. Tangu 2007 mradi wa EcoMakala wa WWF umesaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala kwenye mashamba yao, nje ya hifadhi. Na mwaka 2015 mtambo wa umeme wa maji wa Matebe ulizinduliwa huko Rutshuru. Hata hivyo, familia nyingi bado zinapika kwa makala, na umeme haufiki kila kijiji.

Vijana wanaosukuma chukudu zenye mifuko ya makala wasitukanwe. Wanatafuta mkate. Tuwape nafasi katika kutengeneza na kusafirisha mbabula, au katika vitalu vya miche.

Kwa viongozi

Tangu kambi za Goma zilipofungwa Februari 2025, wengi wamerudi vijijini na kukuta nyumba bila paa, wengine wanakaa katika familia zilizowapokea. Ndiyo maana mapatano ya kuni ni ya lazima. Mkutane, wenyeji na waliohamishwa, wamama wakiwa na sauti. Mpatane wapi matawi makavu yanaokotwa, siku zipi, watu waende kwa kundi, na nani anaamua mtu akikosea. Mwenye shamba akitoa matawi, aliyehamishwa amsaidie kupanda miche. Hapo mti unakuwa kiungo kati ya familia mbili.

Kila sufuria inayoiva kwa makala machache ni safari moja pungufu kwenda msituni, na sababu moja pungufu ya kugombana.



Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika kijiji chetu, ni nani anakwenda kutafuta kuni, na anakutana na hatari gani?
2. Ni mapatano gani tunaweza kufanya na wenye mashamba mwezi huu?
3. Ni fundi gani wa karibu anaweza kututengenezea mbabula, na tutamlipa namna gani?