Magongo Yagawiwe na Mipira ya Akiba

Msikilizaji, mtu anayetembelea magongo huuegemeza uzito wake kwenye vipande viwili vya mpira vinavyoenea kiganjani. Nataka tuvizungumzie vipande hivyo, kwa sababu tunavisahau.

Gongo halitui wima. Hutangulia likiwa limeinama, na mtu akishapita huinamia upande wa pili. Mpira mgumu hugusa sakafu kwa ukingo tu, na ukingo huo ndio unaolika kwanza. Mpira uliobuniwa vizuri una kitako kipana na shingo inayopinda, ili kitako kitulie sakafuni hata gongo likiinama. Chini una mifereji ya duara ya kupitishia maji. Ndani huwekwa washa ya chuma, bomba lisije likautoboa.

Lakini sisi tunatembea wapi? Kwenye marumaru iliyotoka kupigwa deki, mchanga wa Pwani, tope la masika. Kitako chembamba huzama mchangani, na tope huziba mifereji. Mpira ukiisha, wengi huenda kwa fundi viatu, akawakatia kipande cha tairi na kukipigilia msumari. Namheshimu fundi huyo. Anaziba pengo ambalo wengine tumeliacha. Tairi hudumu, ila ni gumu, na likilika kichwa cha msumari huchomoza. Kwenye marumaru yenye maji, hapo mtu huanguka, na mguu uliokuwa unapona ukavunjika upya.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliyaweka magongo katika orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, unaotaka vifaa bora vya kujongea vipatikane kwa bei nafuu. Gongo lenye mpira uliokwisha si kifaa bora.

Kwa hiyo nawaomba mnaogawa magongo: kila jozi iende na mipira ya akiba. Wenye maduka ya dawa, iwekeni rafuni kwa vipimo tofauti vya bomba. Vyuo vya ufundi, bunini mpira wa mchanga na tope, mkiketi na wanaoutumia. Nawe uliye nyumbani na mgonjwa wa magongo, yageuze jioni hii. Ukiona mifereji imefutika, hata upande mmoja tu, usingoje aanguke. Tafuta mipira mipya kesho asubuhi.