Malawi: Wanafunzi Wengi, Walimu Haba



Mwaka 1994 serikali mpya ya Malawi, chini ya Rais Bakili Muluzi, ilifuta karo katika shule za msingi za umma. Katika mwaka mmoja tu wa masomo, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka kiasi cha milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani mtoto wa mkulima hakustahili kunyimwa elimu kwa sababu ya ufukara wa babaye.

Lakini wageni waliitwa kabla ya nyumba kuezekwa. Walimu wapatao 20,000 waliajiriwa kwa haraka, walio wengi wakiwa na mafunzo ya majuma machache tu. Katika vijiji vingi, watoto wa madarasa ya chini walisomea chini ya miti. Mvua iliponyesha, masomo yalikoma. Wengi waliandikishwa, na wengi wakaacha shule kabla ya kufika darasa la nane.

Kamanda mwenye busara hahesabu makuruta langoni, kisha akatangaza kwamba amepata kikosi. Kwanza huuliza: wakufunzi wako wapi? Vifaa vi wapi? Watalala wapi?

Hali kadhalika shule ya kijiji. Uganda ilifuata njia hiyo mwaka 1997, na Kenya mwaka 2003. Nako madarasa yalifurika. Funzo ni moja: kufuta karo ni kufungua mlango. Mwalimu aliyefunzwa, nyumba yake, vitabu na paa ndivyo vimfanyavyo mtoto abaki ndani.