Usiache Njia, Usishuke Duarani

Msikilizaji wa Urambo, kama unapita Sikonge na Rungwa kwenda Chunya, kisha upande milima ya Mbeya kwa miguu, hili linakuhusu. Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, imechimbwa tangu miaka ya 1920. Wachimbaji walihama, maduara, yaani mashimo ya kuchimbia dhahabu, yakabaki. Mengine yamefunikwa na nyasi. Huyaoni mpaka mguu umeshazama.

Kwa hiyo, usiache njia.

Duara la zamani lina hatari isiyoonekana: hewa. Kule chini oksijeni hupungua, na pua haikuambii kitu. Mtu anashuka kuchungulia tu, analegea, anaanguka. Mwenzake anashuka kumwokoa, naye anabaki hukohuko. Matimba, yaani magogo ya kushikilia kuta, yameoza, na ukingo unaweza kubomoka kwa uzito wa mtu mmoja. Eti unasogea urushe jiwe usikie kina? Acha kabisa.

Tembea na mwenyeji anayejua maduara yalipo. Ukungu ukishuka, simameni pamoja mpaka uondoke. Mwenzako akitumbukia, usimfuate. Kaa mbali na ukingo, mwite, msemeshe, na piga simu Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Narudia: usimfuate. Piga 114.