PICHA PEKEE HAITOSHI KUWA SHAHIDI

Maneno ya kijana mpiga picha wa Voi mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Nimepewa heshima ambayo umri wangu haujaistahili, kusimama mbele ya wazee na kunena juu ya haki. Mimi si wakili wala si mwalimu. Kazi yangu ni kupiga picha katika duka dogo hapa mjini Voi. Watu huniijia kwa picha za vitambulisho, za arusi, na za watoto waliomaliza shule. Lakini kazi hii imenifundisha jambo moja ambalo naona si vema kulificha, ijapokuwa kulisema ni kujisuta mwenyewe.

Ilikuwa majira ya pojo kukaribia kuvunwa. Alfajiri moja niliitwa na mama mmoja mjane, anayelima upande wa Sagalla. Usiku ule ndovu walikuwa wameingia shambani mwake. Nilipofika jua lilikuwa linachomoza, na katika vumbi jekundu nyayo za ndovu zilikuwa wazi kama sahani. Mahindi yalikuwa yamelazwa, kunde zimekanyagwa, na nyuma ya shamba mlima umesimama katika mwanga mzuri. Nilipiga picha nyingi. Nilitazama mwanga, nikatazama mlima, nikatazama unyayo ule mkubwa. Nilirudi mjini nimefurahi, kwa kuwa nilijua nimepata picha nzuri.

Na kweli ilikuwa nzuri. Mgeni mmoja aliiona dukani akainunua. Lakini yule mama alipoichukua kwenda nayo katika ofisi moja kudai fidia, alirudishwa. Aliulizwa, picha hii ni ya siku gani? Shamba hili ni la nani? Ni nani aliyeona? Je, ulifanya nini kulinda mazao yako? Naye hakuwa na jibu la kuonyesha, ingawa majibu yote yalikuwapo shambani asubuhi ile. Dungu alilokesha juu yake lilikuwa pale, nalo sikulipiga picha. Majivu ya moto aliouwasha yalikuwa pale, na debe alilolipiga usiku kucha, na majirani wawili waliokuja mbio. Vyote hivyo niliviacha nje ya picha, kwa sababu vilikuwa vinaniharibia mandhari.

Aliporudi kwangu hakunigombeza. Alisema tu, “Mwanangu, picha yako inapendeza, lakini haikunisemea.” Maneno hayo yalinikaa moyoni kuliko matusi.

Wazee wangu, nyinyi mwajua kuliko mimi jinsi ardhi yetu ilivyo. Hifadhi ya Tsavo iliyoanzishwa mwaka 1948 imechukua zaidi ya nusu ya eneo la Taita Taveta, na wanyama hawajui mpaka uliochorwa katika ramani. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua hasara hii. Iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa katika sheria hiyo, na milioni 3 kwa aliyepata kilema cha kudumu. Aliyeharibiwa mazao naye ana njia ya kudai kwa thamani ya soko. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba mkulima asiyechukua hatua za kutosha kulinda mazao yake hatalipwa. Basi dungu, majivu na debe si vitu vya kupuuzwa. Ndivyo dai lenyewe. Na wale waliotundika mizinga ya nyuki katika nyaya kuzunguka mashamba, kama ilivyofanywa huko huko Sagalla, wamepata faida mbili: ndovu huwaogopa nyuki, na mwenye shamba ana la kuonyesha.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: picha ina nguvu wakati gani? Nimepata jibu katika habari moja ya ndugu zetu Wamijikenda. Mwaka 1985 mtaalamu wa mila za watu, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja aliyesimama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake marehemu. Haukupita muda vigango vile vikaibwa. Mzee akafa bila kuviona tena. Lakini mwaka 1999 kimoja kilitambuliwa Marekani, katika hazina ya Chuo Kikuu cha Illinois State, na cha pili kikajulikana kuwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton. Mwezi wa Juni 2007 vilikabidhiwa tena kwa jamaa zake. Picha moja ilisaidia kuvirudisha vitu vya wafu kutoka ng'ambo ya bahari. Lakini angalieni kwa makini: picha ile ilimwonyesha mwenye mali pamoja na mali yake, na mwaka wake ulijulikana. Tena palikuwa na mtu aliyekumbuka, na jamaa waliokuwa bado wanangoja. Laiti jamaa wangalinyamaza, picha ingalilala sandukuni mpaka leo.

Nasi hapa hatukuanza jana kutafuta haki. Katika vita vya kwanza vya dunia, mwaka 1915, watu wa Kasigau walihamishwa kwao na Waingereza kwa kudhaniwa kuwa wamewasaidia Wadachi, wakapelekwa mbali hata Malindi. Wengi walikufa, na waliosalia hawakurudi mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Kisha Wataita waliunda chama chao, Taita Hills Association, kutetea ardhi. Na mwaka 1940 serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku pamoja na vyama vya Wakikuyu na Wakamba. Chama kilifungwa, lakini habari zake hazikufungwa. Tunazijua kwa kuwa wako waliozihifadhi na kuzisimulia.

Watu husema mnyonge hana haki. Mimi nadhani mnyonge hukosa haki hasa pale anapokwenda kuidai peke yake. Yule mama hakushindwa kwa uongo wala kwa uvivu. Alishindwa kwa kuwa mimi nilimtazama kama mandhari, na sisi sote tulimpa pole tukarudi makwetu. Pole ni jambo jema, lakini pole haijazi fomu, wala haipandi gari kwenda ofisini.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba kuweka mbele ya Chama mambo matatu. La kwanza, kila kijiji kiwe na daftari moja, ambamo siku ile ile ya hasara yataandikwa tarehe, jina la mwenye shamba, vilivyoharibika, na majina ya mashahidi wawili. La pili, katika mfuko wa Chama itengwe nauli, ili mjane au mzee asiende kudai bila jirani wa kumsindikiza. La tatu ni langu mwenyewe: nitapiga picha za hasara bila malipo, na nitawafundisha vijana wenye simu namna ya kuzipiga. Kwanza shamba lote, kisha mwenyewe akiwa ndani yake, kisha dungu na ua, na mwisho mashahidi.

Lakini naomba na sharti moja. Kama ndovu wamekula mistari mitatu, tuandike mitatu, tusiandike kumi. Kumsaidia jirani katika haki si kumsaidia kusema uongo. Uongo wa mmoja utalitia shaka daftari zima, na atakayelipa gharama ni mjane wa kesho mwenye dai la kweli.

Mwisho, wazee mtapenda kujua habari za yule mama. Analima bado. Msimu uliofuata nilikwenda kwake kabla ya kuitwa, nikapiga picha dungu lake jipya, na majirani wake wamesimama chini yake. Haikuwa picha nzuri. Jua lilikuwa la mchana na mmoja alifumba macho. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia, “Hii niwekee.”