Dekoda Yenye Kibali: Tununue au Tusinunue?

(Mazungumzo na wakazi wa kambi, Rubavu)



Wengi wenu mmeniuliza swali moja: "Sokoni Gisenyi wanauza dekoda za televisheni. Mwuzaji anasema zina kibali cha serikali. Je, ninunue?" Fedha ni yako, na sitakukataza kuitumia. Lakini kwa wengi wetu ni fedha ya chakula, sabuni na madaftari ya watoto. Ukikosea, hairudi. Kwa hiyo tulitazame jambo hili polepole.

Dekoda ni nini?

Zamani televisheni ilipokea picha kwa antena peke yake. Mwaka 2006, mjini Geneva, nchi nyingi za Afrika na Ulaya zilikubaliana kuacha mitambo hiyo ya analojia ifikapo tarehe 17 Juni 2015. Tanzania ilianza kuizima Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, Rwanda ikazima mwaka 2014, na Kenya mwaka 2015. Tangu hapo televisheni ya zamani haionyeshi stesheni hizo mpaka ifungiwe kisanduku cha kugeuza mawimbi mapya ya digitali. Kisanduku hicho ndicho dekoda. Watanzania hukiita king'amuzi.

Kibali kina maana gani?

Hapa Rwanda mambo ya mawasiliano husimamiwa na RURA. Kibali maana yake ni kwamba aina hiyo ya dekoda imekubaliwa kuwa inafuata mfumo wa nchi. Hilo ni jambo kubwa. Kenya ilianza matangazo ya digitali mwaka 2009 kwa mfumo wa kwanza, DVB-T, kisha ikahamia DVB-T2. Dekoda za mfumo wa kwanza hazisomi T2, na waliokwisha kuzinunua walilazimika kununua nyingine. Kwa hiyo ukichagua kununua, usinunue isiyo na kibali hata kama bei yake ni ndogo.

Lakini kibali hakikuahidi mambo yote. Hakisemi kwamba mawimbi yanafika kwenye nyumba yako. Hakisemi kwamba stesheni unayoipenda itakuwapo. Mwezi wa Februari 2015, Citizen, NTV na KTN za Kenya zilitoweka hewani kwa karibu wiki 3 kwa sababu ya mgogoro wa kuhamia digitali. Mwenye dekoda nzuri na asiye nayo wote walizikosa.

Kabla ya kutoa fedha, jiulize mambo haya:

1. Je, televisheni yangu inahitaji dekoda? Tazama nyuma yake au kwenye katoni. Ikiwa imeandikwa DVB-T2, dekoda imo ndani tayari. Kwa stesheni zisizolipiwa, inatosha antena.

2. Je, mawimbi yanafika? Nchi yetu hapa ni ya milima, na mlima huzuia mawimbi. Picha ya zamani ilipodhoofu ilikuwa na chenga, lakini uliona. Ya digitali hukatika-katika, kisha hupotea kabisa. Mwulize jirani anayetazama, au mwombe mwuzaji aje kuijaribu kwako kabla hujalipa. Antena ya zamani ya UHF mara nyingi inafaa, usikubali haraka kwamba lazima ununue mpya.

3. Je, kuna malipo ya kila mwezi? Dekoda ya kampuni ya kulipia mara nyingi huwa rahisi kununua, ila mzigo huja baadaye. Tuseme ni faranga 5,000 kwa mwezi: mwaka mmoja ni 60,000. Uliza pia ni stesheni gani zinabaki usipolipa.

4. Je, nina umeme? Taa ndogo ya jua haitoshi. Tuseme televisheni inakula wati 32 na dekoda wati 8, jumla 40. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50, ukitumia nusu yake ili isife upesi, itakupa saa 7 na nusu, kisha lazima ichajiwe.

5. Je, nitakaa hapa? Wengi wenu mmepita Nkamira, na mnajua kwamba mtu anaweza kuhamishwa kwenda kambi nyingine. Dekoda ya kampuni kwa kawaida imefungwa kwa kampuni hiyo na nchi hiyo. Usidhani itafanya kazi ukirudi Goma.

Ushauri wangu

Mwenye televisheni ya zamani, umeme wa hakika na mawimbi mazuri, dekoda yenye kibali ya stesheni zisizolipiwa inamfaa. Soma maandishi DVB-T2 kwa macho yako. Yenye herufi S ni ya sahani. Dai risiti na garantii ya maandishi.

Asiye na televisheni asianze na dekoda. Nyumba kumi zikichanga kwa kitu kimoja, na mkaandika nani anakitunza na nani analipa kikiharibika, mzigo unakuwa mwepesi. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kama mnataka habari tu, redio kwanza. Kumbukeni tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka usiku na watu wa Goma wakavuka kuja Gisenyi. Siku 5 baadaye, tarehe 27, sehemu ya mji iliamriwa kuhama. Katika saa kama hizo televisheni hubaki nyumbani. Redio ya betri huingia mfukoni, nayo husema njiani.

Fikirini pamoja nyumbani, mume na mke, kabla ya kwenda sokoni.