Nani Anaizeesha Kompyuta? Programu, Prosesa na Umri wa Mashine Zetu
Mhadhara wa umma, Kwamndolwa, Korogwe



Nimekuja na jambo ambalo karibu kila mmoja humu limemkuta. Simu ni nzima, kioo hakina ufa, chaji inakaa, lakini siku moja WhatsApp inagoma. Kompyuta ya shule inawaka vizuri, ila programu mpya ya masomo haikubali kuingia. Fundi anatazama, anatikisa kichwa: hii haisapoti. Tunaondoka tukiamini mashine imechoka. Mimi nasema mara nyingi mashine haijachoka hata kidogo. Kuna watu walioamua kwamba haitahudumiwa tena, na uamuzi huo una tarehe na una sababu. Mwaka 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia simu zenye Android 4.4, toleo lililotoka 2013. Simu zenyewe hazikuharibika.

Tuanzie chini kabisa, kwenye prosesa. Prosesa inaelewa namba tu. Chukueni kazi ndogo kuliko zote: kujumlisha namba mbili zilizokwisha kuwekwa tayari. Kwenye kompyuta nyingi za mezani, zenye prosesa za ukoo wa Intel, amri hiyo ni baiti mbili: 01 D8. Simu zetu karibu zote zina prosesa za ukoo wa ARM, na humo amri ileile ni baiti nne. Kwa ARM ya biti 32 huandikwa E0800001. Kwa ARM ya biti 64 huandikwa 0B010000. Hesabu ni moja, jibu ni moja, lakini ukiipa prosesa amri za ukoo mwingine, kwake ni takataka. Ndiyo maana programu ya simu huwezi kuibeba kwenye flashi ukaipachika kwenye kompyuta ya ofisini ikafanya kazi hivihivi.

Sasa angalieni kinachowezekana mtu akiamua. Tarehe 7 Aprili 1964 kampuni ya IBM ilitangaza System/360: kompyuta ndogo na kubwa za ukoo mmoja, zote zikielewa amri zilezile, ili mteja akikua asilazimike kuandika programu zake upya. Mashine kubwa za IBM za leo bado zinaheshimu ahadi ile. Intel nao walipotoa 8086 mwaka 1978, kisha 80386 ya biti 32 mwaka 1985, amri za zamani ziliendelea kueleweka. Na AMD walipoleta biti 64 mwaka 2003 walifuata njia hiyohiyo. Kompyuta ya kwanza nchini kwetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mwaka mmoja tu baada ya tangazo la IBM. Lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na katika miaka ambayo wengine walikuwa wakijifunza, kwa kuumia, gharama ya kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine, sisi hatukuwamo darasani. Naamini athari yake tunaiona hadi leo kwenye mikataba yetu: tunauliza bei, tunauliza rangi, hatuulizi mfumo utaendelea kufanya kazi kwenye mashine gani na mpaka lini.

Juu ya prosesa kuna mfumo endeshi, yaani Windows, Android, Linux na wenzao. Programu haigusi diski wala kioo yenyewe. Huuomba mfumo endeshi uifanyie. Maombi hayo yakibadilishwa jina au utaratibu, programu ya jana inakwama hata kama prosesa ni ileile. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16, kwa hiyo programu nyingi za Windows za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilifia hapo. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, anashikilia kanuni ninayoiheshimu sana: kiini cha mfumo kikibadilishwa na programu ya mtumiaji ikavunjika, kosa ni la aliyekibadilisha, na alirekebishe.

Zipo njia za kuvusha programu kutoka ukoo mmoja wa prosesa hadi mwingine, na mfano wake tunao kwenye reli. Reli yetu hii ya Tanga, iliyofika Korogwe mwaka 1902, ina upana wa milimita 1,000 sawa na reli ya kati. TAZARA ina milimita 1,067. Reli ya kati na TAZARA zinapokutana Kidatu, behewa haliwezi kuendelea, mzigo hushushwa na kupakiwa upya. Apple walipohamia prosesa za ARM mwaka 2020 walijenga Kidatu yao, programu iitwayo Rosetta 2, inayogeuza amri za Intel kuwa za ARM. Mzigo unafika. Lakini kituo cha namna hiyo kinahitaji mtu wa kukihudumia, na mwenye kituo anaweza kukifunga.

Nataka nikae kidogo kwenye afya, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapogusa maisha ya watu wa kata kama hii. Wauguzi mnavijua vitabu vya MTUHA, vya taarifa za afya, kuliko mimi. Mama amekuja kliniki, mtoto amechanjwa, mgonjwa amepimwa malaria: yote yanaandikwa, yanahesabiwa, yanapelekwa wilayani. Mfumo wa kompyuta wa DHIS uliokuja kupokea hesabu hizo ulizaliwa Afrika Kusini baada ya utawala wa kibaguzi kuanguka mwaka 1994. Matoleo yake ya mwanzo yaliegemea Microsoft Access, maana yake yalihitaji Windows, yalihitaji Office, na kila kompyuta ilikuwa na nakala yake. Fundi akipiga windo upya bila kuhifadhi, taarifa za miezi zinaondoka. Na Microsoft walipoleta Office ya biti 64 mwaka 2010, hifadhidata za Access zilizokuwa na maagizo ya kuiita Windows moja kwa moja zilihitaji kuongezewa neno moja, PtrSafe, kwenye kila agizo la aina hiyo. Neno moja tu, lakini mwandishi wa mfumo akiwa ameshahama kazi, nani ataliongeza?

DHIS2, iliyojengwa kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo na kuletwa nchini kwa mchango mkubwa wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliondoa kikwazo hicho. Imeandikwa kwa Java, inakaa kwenye seva, na mtumiaji anaifungua kwa kivinjari. Windows au Linux, Intel au ARM, haijali. Huo ulikuwa uamuzi mzuri kwelikweli. Ila kikwazo hakikufa, kilihama. Sasa kinakaa kwenye kivinjari, na kivinjari kinakaa kwenye simu.

Nitawaonyesha kilivyojificha. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti cha kidijitali, na simu hukiamini cheti hicho kwa kulinganisha na orodha iliyowekwa tangu kiwandani. Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti, lilianza likidhaminiwa na cheti kikongwe kilichokwisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Cheti chake lenyewe hakimo kwenye orodha ya simu zilizo chini ya Android 7.1.1. Wataalamu walitafuta njia ya kuzibeba simu hizo miaka mitatu zaidi, hadi Septemba 2024. Baada ya hapo, mwenye simu ya namna hiyo anafungua tovuti iliyo hai na kuambiwa si salama. Atalaumu bando, atalaumu mnara. Kumbe wakati ule angeweka Firefox, inayokuja na orodha yake yenyewe, angepita. Dawa ilikuwepo, aliyeijua alikuwa mbali.

Shule nazo ziko kwenye hatua kama hiyo sasa. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa za kizazi cha nane, zilizoanza kutoka 2017. Kompyuta nyingi za mtumba tunazopewa ni za kabla ya hapo. Zenye biti 64 zinaweza kupokea Linux na kuendelea miaka mingi. Zile za biti 32 zina njia nyembamba zaidi, maana hata Linux ya Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Mwalimu anayepokea msaada wa kompyuta aulize kizazi cha prosesa kabla ya kupiga picha ya makabidhiano.

Na faili zihifadhiwe kwa namna ambayo programu nyingi zinaisoma. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Kazi ile naipenda na naionea uchungu: tafsiri ilifungamana na toleo lake, toleo jipya likaja na maneno mapya, na bila watu wa kuifuata ikabaki nyuma. Lakini muundo wa faili wa ODF, uliokuja na OpenOffice 2.0 mwaka 2005, ukawa kiwango cha ISO mwaka 2006, na faili za wakati ule zinafunguka leo.

Tarehe moja zaidi. Mifumo mingi ya biti 32 huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, na namba yake kubwa kuliko zote ni 2,147,483,647. Itafikiwa Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata, mfumo usiorekebishwa utadhani ni Desemba 1901, kabla treni haijafika Korogwe. Tarehe ya chanjo ya mtoto, tarehe ya marejesho ya mkopo, zote zinahesabiwa na saa za ndani ya mashine. Kifaa kinachofungwa mwaka huu kinaweza kabisa kuwa bado kazini siku hiyo, kwa sababu hapa kwetu kitu kikifungwa kinakaa. Basi halmashauri inaponunua mfumo, mkataba utaje simu kuukuu kuliko zote ambayo mfumo utafanya kazi juu yake, utaje miaka, utaje muundo wa faili, na kabla ya malipo ya mwisho mfumo ujaribiwe kwenye simu ya muuguzi wa zahanati, kwa bando lake, mchana wa kazi.